Futa Jina Kwanza

Fundi hakuwahi kuuliza bei ya gitaa kabla hajamaliza kulitazama. Wateja wengine wote, hata wale walioingia dukani kwangu kukwepa jua tu, neno lao la kwanza lilikuwa shilingi ngapi. Yeye alilitoa gitaa kwenye msumari bila kuomba ruhusa, akaliinua usawa wa uso kama mtu anayelenga bunduki, akafumba jicho la kushoto na kuitazama shingo yake kutoka kichwani mpaka inapoingia kwenye mwili. Alikaa hivyo muda mrefu. Halafu aligonga ubao kwa kifundo cha kidole, mara mbili, akasikiliza. Baada ya hapo ndipo aliponigeukia.

"Tajiri, hili unaliuza ngapi?"

Nikimtajia bei, hakusema ghali wala rahisi. Alisema "linafika" au "halifiki," akalirudisha msumarini. Magitaa mengi hayakufika.

Duka lilikuwa la baba, na baba aliuza khanga na vitambaa vya suti. Ruksa ilipokuja, bidhaa zikawa zinaingia bila mtu kusubiri kibali wala mgawo, nikamshawishi aniachie upande mmoja wa duka. Nikaujaza redio, kaseti, spika, na baadaye magitaa ya umeme. Baba alidhani nimechanganyikiwa. Nani Singida atanunua gitaa la umeme, na umeme wenyewe unakatika kila siku? Lakini kila kijiji kilikuwa kinaanzisha kwaya, kila baa ilitaka bendi, na watu waliozoea kupiga vyombo vya mashirika ya umma, vile vya kusaini na kurudisha stoo, sasa walitaka kila mtu awe na gitaa lake. Nilikuwa nafuata mzigo Kariakoo kila baada ya miezi miwili.

Fundi alikuwa na kibanda nyuma ya soko. Alitengeneza redio na amplifaya ili ale, na magitaa kwa sababu hakuweza kujizuia. Mji mzima ulimwita Fundi, ingawa mafundi walikuwa wengi. Jina lake nililijua, ila sikulitumia hata siku moja, na hapa pia silitumii.

Jumamosi baada ya adhuhuri duka langu liligeuka baraza la wapenzi wa magitaa. Alikuwapo mpiga solo wa bendi ya baa moja karibu na stendi, mtu wa maneno mengi na shati lililofunguliwa vifungo vitatu. Alikuwapo karani wa reli ambaye hakujua kupiga hata wimbo mmoja, lakini alijua kila gitaa limetoka nchi gani na linagharimu kiasi gani Nairobi. Walibishana kama watu wa mpira. Karani alishikilia kwamba Mmarekani ndiye baba wa gitaa, wengine wote wanaiga. Mpiga solo alikuwa upande wa Mjapani: mwepesi, shingo nyembamba, mikono yetu inamfaa. Nami, kwa kuwa nilikuwa muuzaji, niliunga mkono lolote lililokuwa limejaa dukani wiki hiyo.

Fundi alikaa juu ya kreti la soda, akinywa chai, na kwa kawaida aliwaacha wachoke kwanza.

"Mcheki," alisema siku moja, akimaanisha yale magitaa ya zamani ya nchi za Ulaya Mashariki yaliyoletwa enzi za mashirika. "Mnamcheka kwa sababu ni mzito kama jiwe la kusagia. Lakini nani kati yenu amewahi kuona shingo ya Mcheki imepinda?"

Hakuna aliyewahi.

"Mjapani ana kazi safi. Waya zake ukizifungua utadhani zimepangwa na mtu anayeswali. Mkorea ana kazi safi vilevile, ila jina lake bado bichi, kwa hiyo ni nusu bei. Mmarekani mzuri sijakataa. Nimemfungua mmoja tu maishani, wa padri. Alikuwa mzuri. Lakini hakuwa mzuri mara nne kuliko Mkorea, na bei yake ilikuwa mara nne."

"Hapo unalipia jina, Fundi," karani alisema.

"Ndiyo ninachosema. Jina halina uzi."

Kauli zake nyingi zilikuwa za namna hiyo, fupi, zimekatwa kama kwa msumeno. Kuhusu rangi zinazong'aa alisema, "Hiyo ni poda." Kuhusu gitaa lenye vifungo vingi vya kubadilisha sauti alisema, "Huyu anajitafuta." Gitaa jipya kabisa, hata liwe la nani, alikataa kulitolea hukumu. Alidai kwamba Singida inakausha mbao kuliko anayezichonga kiwandani anavyoweza kufikiri. Gitaa linatoka Dar limevimba na unyevu wa pwani, linakuwa zuri wiki tatu, halafu upepo wetu wa Julai unaanza kulifyonza. Shingo inasinyaa. Vile vyuma vyembamba vilivyopangwa juu yake havisinyai, kwa hiyo ncha zake zinachomoza pembeni na kumkata mpigaji vidole. "Gitaa ambalo halijapita kiangazi kimoja hapa," alisema, "mimi silijui, na lenyewe halijijui."

Ilikuwa kauli mbaya kwa biashara. Wapo walioondoka wakisema watarudi baada ya kiangazi, na hawakurudi.

Alikuwa na mambo yasiyoendana, na sikuyaelewa yote. Mtu huyu aliyedharau majina alikunywa majani ya chai ya pakiti moja tu, ya chapa moja. Ikikosekana mjini alikunywa maji ya moto matupu. Nilipomkumbusha hotuba zake alinitazama kana kwamba nimesema upuuzi. "Chai haina shingo," alijibu. Paa la nyumba yake lilivuja mahali pawili kwa miaka yote niliyomfahamu, lakini magitaa ya watu aliyafunika kwa khanga za mkewe na kuyalaza kitandani mvua ikinyesha. Mkewe alinilalamikia mara moja alipokuja dukani kununua khanga nyingine.

"Mimi nalala kwenye kiti, baba. Kitandani kuna wageni wa kanisa."

Alisema kwa kucheka, lakini khanga alinunua.

Ni kweli kwamba wengi wa wateja wake walikuwa wa makanisa. Alikuwa Mwislamu wa swala tano, na mwezi wa Desemba hakupata hata nafasi ya kula, kwa jinsi makwaya ya Iramba na Mkalama yalivyomletea vyombo kabla ya Krismasi. Wakati fulani Ramadhani ilikutana na msimu huo. Nilimkuta amefunga, midomo imekauka, anachomelea nyaya kwa risasi huku katekista amesimama mlangoni akimwomba radhi kwa usumbufu. Alimwambia aache kuomba radhi, ashike taa.

Jambo jingine: karibu hatukumsikia akipiga. Akimaliza kutengeneza gitaa alilijaribu kwa sauti tatu au nne, zilezile kila siku, akalifunga. Tulijua aliwahi kuwa kwenye bendi ya shirika huko nyuma. Hakuisimulia. Mpiga solo alikuwa akinong'ona kwamba huenda hajui kupiga kabisa.

Halafu ikaja harusi ya binti wa karani. Ilikuwa mchana, uani kwa karani, na mpiga solo akazidiwa na homa. Bendi ilikuwa imeshapanga vyombo. Karani akamfuata Fundi, akamsihi mbele ya watu mpaka ikawa aibu kukataa. Gitaa lililokuwapo lilikuwa bovu kuliko yote mjini, limefungwa waya wa breki ya baiskeli mahali pa uzi wa chini. Fundi mwenyewe alikuwa amelikataa mara mbili kulitengeneza, akisema ni kuni. Akalivaa. Alipiga nyimbo nne akiwa amesimama wima, bila kutikisika, uso kama wa mtu anayesubiri foleni, na watu waliokuwa wanakula waliacha kula. Mimi si mpigaji. Ninachoweza kusema ni kwamba nilimwona mama yangu mzazi akisimama kutoka kwenye mkeka, na mama alikuwa na magoti mabovu.

Kesho yake watu watano walikuja dukani kuulizia gitaa lile, kama linauzwa. Nilipomweleza Fundi alikasirika kweli, jambo lisilo la kawaida kwake.

"Wamenisikia mimi," alisema, "wakadhani ni gitaa. Ndivyo wanavyoibiwa kila siku."

Hilo la kuibiwa ndilo lililotugombanisha.

Safari moja nilirudi na magitaa manne yenye jina la Kimarekani kichwani, jina lile ambalo karani alilitamka kwa heshima. Niliyapata Kariakoo kwa mtu aliyekuwa ameyaweka kwenye maboksi yasiyo na maandishi, kwa bei ambayo ilipaswa kuniambia kila kitu. Iliniambia, nami nikajifanya sisikii. Nikayapanga mbele, nikayawekea bei ya jina.

Wiki hiyohiyo walikuja watu wa kwaya moja ya Misigiri. Kiongozi wao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama mwenye sauti nzito na daftari kwapani. Walikuwa wameuza alizeti, kila mwanakwaya gunia lake, misimu miwili, ili wapate gitaa la umeme. Kwaya ya kijiji jirani ilikuwa na gitaa lenye jina lile, na wao hawakutaka lingine. Nilikuwa nimeshalishusha, nimeshamwonyesha jinsi linavyong'aa, na mama yule alikuwa ameshafungua pochi, Fundi alipoingia kufuata chai yake.

"Shikamoo, Fundi," mwalimu alisema. Wote walimjua. "Tusaidie kuangalia, tusije tukakosea."

"Marahaba."

Alinitazama mimi kwanza. Naamini alinipa nafasi. Nikaendelea kulifuta gitaa kwa kitambaa.

Akalichukua, akatazama shingo, akagonga ubao. Kisha akatoa bisibisi mfukoni, akafungua kile kibati cha mgongoni kinachofunika nyaya, akamwita mwalimu asogee.

"Unaona pembeni hapa? Hizi tabaka?"

"Naona. Kama keki."

"Ni plaiwudi. Jina ni la Marekani, ubao ni wa boksi la chai. Hata jina lenyewe ni karatasi, limepakwa vanishi juu." Akageuka ukutani, akaonyesha gitaa jekundu la Kikorea ambalo lilikaa pale mwaka mzima kwa sababu rangi yake haikumpendeza mtu. "Lile limeshapita kiangazi hapa dukani. Shingo yake nimeitazama kila Jumamosi. Haijasogea."

"Lakini halina jina, Fundi," mwanakwaya mmoja alisema.

"Mtaimba nyinyi au litaimba jina?"

Walichukua jekundu, kwa theluthi mbili ya bei ya lile lenye jina. Waliponiaga walinishukuru, na shukrani ile ilinichoma kuliko matusi. Walipotoka nilimwambia Fundi maneno ambayo sitayarudia yote. Nilimwambia ameniita mwizi ndani ya duka la baba yangu. Nilimwambia kreti lile la soda halimhusu tena.

"Sikukuita mwizi," alisema. "Nilifungua kibati."

Akaiacha chai, akaenda.

Baraza lilikufa. Karani alikuja mara mbili, akakaa peke yake, akaacha. Lile lililofunguliwa nililificha stoo. Yale magitaa matatu yaliyobaki niliyauza: moja kwa mpiga solo mwenyewe, moja kwa mwenye baa wa Ihanja, moja kwa kijana mchimbaji aliyekuwa amepata bahati kidogo ya dhahabu Sekenke. Nilijisemea kwamba Fundi ni mtu mwenye wivu.

Julai upepo ukaanza. Kufikia Agosti yote matatu yalikuwa yamerudi. Shingo ya lile la Ihanja ilikuwa imejikunja hata nyuzi zilisimama juu kama kamba za kuanikia nguo. Mpiga solo aliniwekea lake juu ya meza ya duka, akanyoosha vidole vya mkono wa kushoto nivione. Vilikuwa na chale. Yule mchimbaji alisema mengi, kwa sauti, mbele ya wateja wa khanga, na baba akiwa amekaa pale pale. Baba hakunigombeza. Alinyanyuka, akaenda kuswali, na aliporudi aliniuliza tu, "Fundi wako siku hizi yuko wapi?"

Niliyabeba mwenyewe yote matatu, kwa baiskeli, mpaka nyuma ya soko. Fundi alikuwa anafunga spika.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Tajiri. Weka hapo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa chochote isipokuwa kazi. Aliyashika wiki mbili. Alizinyoosha shingo kwa mvuke na vibano vya seremala, akazipiga tupa zile ncha za vyuma moja moja. Niliporudi kuyachukua yalikuwa yamelala juu ya meza, yamefutwa vumbi.

"Nimezinyoosha, lakini zitapinda tena," alisema. "Mwaka mmoja, labda miwili. Uwaambie hivyo hivyo."

"Nitawaambia."

"Na kabla hujatoka nayo hapa." Alinipa kipande cha msasa. "Futa jina kwanza."

Nilidhani anatania. Alikuwa ameshageukia spika yake. Nikakaa kwenye benchi lake, mfanyabiashara mwenye saa mkononi, nikasugua. Vanishi ilitoka kwanza, nyeupe kama unga, kisha herufi, moja baada ya nyingine. Watu walipita sokoni wakiniona. Ilinichukua karibu saa nzima kwa yote matatu. Hakunitazama, hakuharakisha, na nilipomaliza alipitisha kidole gumba juu ya kila kichwa, akasema, "Sawa."

Wenyewe niliwaambia ukweli na kuwarudishia tofauti ya bei. Mchimbaji pekee ndiye hakurudi tena dukani. Jumamosi iliyofuata Fundi aliingia, akavuta kreti, akakaa. Chai ilikuwapo. Hatukulizungumza jambo lile tena maishani, na sijui hata leo kama alinisamehe au kama hakuona kwamba kuna cha kusamehe.

Miaka ikaenda. Vinanda vya umeme vikaingia, makwaya yakavipenda kwa sababu kimoja kilifanya kazi ya vyombo vitano. Nikapunguza magitaa, nikaongeza simu. Karani alistaafu akarudi kwao. Baba alifariki. Siku moja niligundua kwamba kibanda cha nyuma ya soko kinauza vocha, na niliyemuuliza alisema Fundi na mkewe wamehamia Ihanja, wanalima alizeti. Nilikuwa sijamwona karibu mwaka, na sikuwa nimetambua. Hilo sijivunii.

Nilimfuata mwezi mmoja baada ya mavuno. Nilipanga kukaa saa mbili, nirudi na basi la saa tisa. Nyumba ilikuwa kando ya barabara kuu, imezungushiwa ua wa minyaa, na mkewe alinipokea mlangoni.

"Sema kwa nguvu," alinionya. "Masikio yamekwisha. Yale maspika."

Fundi alikuwa amekonda lakini amenyooka. Nilimwamkia kwa kupiga kelele, naye akaitikia kwa kelele zaidi, kama watu wasiosikia wanavyofanya. Hakuniuliza habari za mjini. Aliingia ndani, akatoka na gitaa.

Alikuwa amelichonga mwenyewe. Mwili wa mninga, shingo ya mninga, vyuma na sumaku za kunasia sauti amezitoa kwenye magitaa yaliyokufa. Alisema limemchukua miaka mitatu, na ubao aliuacha upite viangazi viwili kabla ya kuugusa. Sijawahi kuona kazi ya mkono nzuri kama ile. Hakuna mahali ambapo kidole kilikwama. Aliunganisha amplifaya ndogo na betri ya gari, akakaa, akapiga.

Nyuzi nene zilikuwa nzuri mno, zilijaa ua wote. Lakini alipopanda kwenye nyuzi nyembamba kulikuwa na kasoro. Sauti ilitoka, halafu ilikufa ghafla, kama mtu ameiwekea kitambaa. Nilimtazama mkewe. Alikuwa anachambua mboga, hakuinua kichwa.

Fundi aliweka kiganja juu ya nyuzi, akazinyamazisha.

"Huyu mama anasema ni zuri. Majirani wanasema ni zuri. Wewe umeuza magitaa zaidi ya miaka kumi na tano. Liko vipi?"

Nilikuwa na jibu la muuzaji tayari mdomoni, nimelitumia mara elfu. Na ukweli usingeweza kusemwa kwa upole, maana upole asingeusikia. Ilibidi upigiwe kelele, nje, katikati ya ua, mbele ya mkewe na majirani nyuma ya minyaa.

"Nyuzi nene safi!" nilipaza sauti. "Nyembamba zinakufa! Zinakufa haraka!"

Mkewe aliacha mboga. Fundi alinitazama muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona uso wake ukitafuta mahali pa kukaa.

"Zote mbili?"

"Ya kwanza zaidi!"

"Nipungie mkono ikifa."

Akapiga uzi wa kwanza, nami nikapunga mkono sauti ilipokatika. Akasogeza kidole chuma kimoja juu, akapiga tena, nikapunga tena. Tulikwenda hivyo shingo nzima, yeye akinitazama mikono, akihesabu kwa midomo. Halafu akarudia uzi wa pili. Mwisho aliguna.

"Kumbe," alisema, karibu kwa furaha. "Ni pale chini zinapofungiwa. Kile kipande nilikichonga kwa mbao laini. Nilishuku, nikajipa moyo." Akamgeukia mkewe. "Mama, bisibisi."

Mkewe alikwenda kuileta. Aliponipita alinigusa bega, sijui kwa shukrani au kwa lawama. Fundi alililaza gitaa mapajani, akaanza kulegeza nyuzi.

"Utabaki unisikilizie," alisema. Hakuwa anauliza.

Basi la saa tisa lilipita barabarani likipiga honi. Nililisikia mimi, yeye hakulisikia, na sikuinuka.